Kuku wa Machungwa Hana Kosa

Nimeambiwa tena wiki hii, na aliyeniambia alisema kwa uhakika wa mtu asiyetarajia kubishiwa, kwamba ukiingia Panda Express, ile mikahawa ya Marekani inayouza chakula cha haraka cha mtindo wa Kichina, usithubutu kuagiza kuku wa machungwa, yaani vipande vya kuku vya kukaanga kwenye sosi tamu ya machungwa, kwa kuwa eti si chakula cha Kichina. Mjuzi huagiza nyama ya ng'ombe kwa brokoli, au kuku wa maharage mabichi, kwa sababu hivyo ndivyo vyakula halisi. Mimi ni mpishi wa karai. Nimesimama mbele ya moto wa mikahawa ya aina hii, ile inayopika kwa mafungu na kupanga chakula kwenye trei juu ya meza ya mvuke, yaani kaunta inayokiweka chakula kikiwa cha moto, na nimechoka kueleza kwamba uhalisi ndicho kipimo kibovu kuliko vyote cha kuchagulia chakula mahali hapo.

Hoja ya uhalisi tuimalize haraka. Panda Express ilianzishwa mwaka 1983 na Andrew Cherng na mkewe Peggy katika jengo la maduka la Glendale Galleria, California, miaka 10 baada ya familia yao kufungua mkahawa wa kukaa mezani, Panda Inn, mjini Pasadena. Kuku wa machungwa alibuniwa na mpishi wao, Andy Kao, mwaka 1987. Basi ni kweli, ni chakula cha Marekani. Lakini hiyo brokoli inayotukuzwa ilienea Marekani kupitia wahamiaji wa Kiitalia, na wapishi wa Kikantoni, kutoka kusini mwa China, waliikuta huko wakaitumia mahali pa gai lan, mboga yao ya majani yenye shina nene. Teriyaki inayouzwa pale, nyama yenye sosi tamu ya soya, ni ya Japani. Na ile sahani yenye jina la Beijing, ya vipande vya nyama vilivyokaangwa vikakauka kisha vikapakwa sosi tamu, anayetaka aende Beijing akaitafute. Mwenye ukoo ulio wazi zaidi kwenye kaunta ile ni kuku wa kung pao, wa karanga na pilipili, ambaye asili yake ni jimbo la Sichuan nchini China, naye amekwisha kulainishwa kwa ajili ya midomo ya Marekani.

Kinachoamua utamu wa sahani yako ni muda. Chakula cha karai hupikwa kwa moto mkali ili kiliwe pale pale kinapotoka motoni, ilhali meza ya mvuke hukitaka kisubiri. Kanuni za usalama wa chakula za Marekani zinaagiza kwamba chakula cha moto kinachosubiri kuuzwa kihifadhiwe kwenye nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, na kwa joto hilo mboga na nyama haziwezi kubaki zilivyokuwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ukiwa kwenye foleni ni moja: katika hivi vyote, kipi kinaweza kuvumilia kusubiri?

Brokoli haivumilii. Rangi yake ya kijani hutegemea magnesi iliyomo ndani ya klorofili, kemikali ya kijani ya mimea; joto likiendelea, asidi ya mboga yenyewe huiondoa magnesi hiyo, na kijani kinachong'aa hugeuka kuwa rangi ya zeituni iliyochoka. Maharage mabichi hupatwa na yayo hayo, ingawa huchelewa kidogo kulainika. Uyoga na zukini, mboga inayofanana na tango, vina tatizo jingine: chumvi ya sosi huvuta maji kutoka ndani yao, na sosi iliyokuwa imeshika vizuri huwa mchuzi mwepesi unaotuama chini ya trei. Kidari cha kuku ndicho kinachonisikitisha zaidi, kwa sababu mpishi amekifanyia kazi kubwa: amekikata vipande vyembamba, akakifunika kwa wanga wa mahindi, akakipitisha kwenye mafuta ili kiwe laini, halafu kinaachwa kwenye trei hadi protini zake zinajikaza na kuukamua unyevu wote aliojitahidi kuulinda.

Sasa mtazameni huyo anayedharauliwa. Kuku wa machungwa hutengenezwa kwa nyama nyeusi, yenye mafuta na tishu ambazo joto la muda mrefu huzilainisha badala ya kuzikausha. Vipande vimevikwa ganda la unga na wanga na kuchovywa kwenye mafuta mengi, na sosi yake, yenye sukari nyingi kiasi cha kunata, hulifunika ganda hilo kama utando unaochelewesha unyevu kupenya. Nasema unachelewesha, maana hauzuii. Adui wa ganda si sosi peke yake. Ni mvuke unaotoka ndani ya nyama yenyewe, ndiyo maana bhajia zikifungiwa kwenye hotipoti hulegea hata bila tone la chatne. Hata hivyo kuku huyu akilegea bado ana ladha, bado ana unyevu, bado anatafunika. Brokoli ikilegea imekwisha.

Hapa nikiri kwamba kanuni yangu ina matundu. Wapo watakaokushauri uagize kinachonunuliwa zaidi kwa kuwa trei yake hubadilishwa mara kwa mara, na kwa kawaida wako sahihi, lakini chakula kinachopendwa hupikwa pia kwa mafungu makubwa, na saa tisa alasiri, wateja wakiwa wachache, fungu kubwa husubiri muda mrefu kuliko dogo. Nimebishana na wapishi wenzangu juu ya hili bila kufikia mwafaka. Kwa hiyo iamini trei kuliko kanuni. Sosi iliyoota ngozi juu, kingo zilizokauka na kushika chuma, mboga zilizopoteza rangi: ruka. Ukiona mhudumu anamwaga fungu jipya linalotoa moshi, geuza mpango wako wote uagize hilo, hata kama ni brokoli, kwa sababu brokoli iliyotoka karaini sasa hivi humshinda kuku wa machungwa aliyekaa muda mrefu. Na hakuna aibu kuuliza kwa adabu kama fungu jipya liko njiani, ukasogea pembeni ukasubiri.

Kuhusu kinachowekwa chini ya kitoweo, wali mweupe wa mvuke hustahimili kusubiri kuliko wali wa kukaanga na kuliko tambi, ambazo hushikamana na kunywa mafuta yao. Wali mweupe pia hauongezi chumvi juu ya chumvi. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina takriban miligramu 900 za sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie miligramu 2,000 kwa siku, kwa hiyo anayedhani amejilinda kwa kuchukua tambi kwa sababu zina kabichi ndani ajifikirie upya. Unaweza kuomba nusu wali, nusu mboga.

Jambo la mwisho ni kuoanisha, nalo watu hulipuuza kabisa. Sahani ya vitoweo viwili ikiwa na kuku wa machungwa na ile nyama ya Beijing ni sukari juu ya sukari, na ulimi huchoka kabla ya nusu. Mweke mmoja mtamu na mwenzake mwenye chumvi na ukali. Kung pao hufaa, kwani karanga na pilipili kavu hukata utamu vizuri. Kama unabeba kwenda nyumbani, omba vitoweo vifungwe mbali na wali, na ukifika kwenye gari fungua kifuniko kidogo ili mvuke utoke. Safari ikiwa ndefu, mwache kuku wa machungwa uchukue kung pao, ambaye hana ganda la kupoteza.