Mpira wa kupumulia wakati wa upasuaji wa koo na shingo

Daktari akiwa anapasua hapo hapo kooni, mgonjwa anapumuaje?

Iwe ni tonsesi au goita, hospitali ya Bugando jijini Mwanza au kwingineko, ukishalala mtaalamu wa usingizi hupitisha mpira katikati ya nyuzi za sauti. Wa mtu mzima huwa na upana wa milimita 7 hadi 8, na hufungwa kwenye alama ya sentimita 21 hivi menoni kwa mwanamke, 23 kwa mwanaume. Karibu na ncha yake kuna kifuko kinachojazwa hewa ili damu isishuke mapafuni.

Unaweza kuchomoka?

Ndiyo, na hilo ndilo linalotunyima utulivu zaidi sisi wataalamu wa usingizi. Shingo ikikunjwa, mpira huzama na unaweza kupeleka hewa pafu moja tu, ikinyooshwa, hupanda. Chuma cha kuachamisha mdomo nacho huweza kuubana. Kwa hiyo tunasikiliza mapafu upya kila kichwa kikihamishwa, na jicho halibanduki kwenye mchoro wa kabonidioksidi inayotoka. Kipimo cha kidoleni peke yake hakitoshi: oksijeni ya damu huchelewa kushuka, na huku mgonjwa hapati hewa.

Ni kweli moto unaweza kuwaka kooni?

Ni nadra, lakini ni kweli. Kisu cha umeme kinatoa cheche, mpira ni plastiki, na oksijeni huchochea moto. Kabla ya kukitumia, oksijeni hupunguzwa hadi chini ya asilimia 30 mgonjwa akivumilia. Ukiwaka, mpira hung'olewa mara moja, gesi zote hufungwa, na maji ya chumvi humiminwa kooni. Kisha mgonjwa hupumulishwa kwa barakoa na njia ya hewa hukaguliwa.

Mimi nifanye nini?

Taja jino linalolegea na toa meno ya bandia. Usile kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji. Uji na chai ya maziwa ni chakula, hata kama unavuka kutoka Ukerewe alfajiri na njaa inauma. Maji matupu, mwisho ni muda wa saa 2 kabla.

Na baada ya upasuaji?

Sauti kukwaruza siku moja au mbili ni kawaida. Ila aliyetolewa goita akivimba shingo, akakosa pumzi au akashindwa kulala chali, ndugu amwite nesi sekunde hiyo hiyo. Damu iliyojikusanya inaweza kuiziba njia ya hewa, na nyuzi za mshono hufunguliwa pale pale kitandani, bila kusubiri chumba cha upasuaji.