Umarekani haukumsubiri mhamiaji: yanayosemwa na yaliyotokea

Dhana: Wahamiaji wa zamani walishuka melini na kushika Kiingereza mara moja, wa leo ndio wagumu.

Waulizeni Wajerumani. Mwaka 1751 Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alishaanza kulalamika kuwa Pennsylvania, wakati huo koloni la Waingereza, itageuka koloni lao. Karne moja na nusu baadaye, Ohio hadi Wisconsin, watoto wao walikuwa bado wanasoma, wanasali na kupata magazeti kwa Kijerumani. Lugha hiyo ilikuwa inapungua polepole kizazi hadi kizazi, ila Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoipiga vibaya. Mei 1918 gavana wa jimbo la Iowa, William Harding, alipiga marufuku lugha za kigeni shuleni, ibadani, hadharani, hata kwenye simu. Leo watu huita hayo “kujichanganya kwa hiari”.

Dhana: Maafisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York, waliwabadilisha watu majina.

Hapana. Karani alikuwa na orodha ya abiria iliyoandaliwa na kampuni ya meli, na wakalimani walikuwapo. Wengi walijibadilishia wenyewe baadaye, wakisaka kazi.

Dhana: Mazingira mapya yalimfuta Mzungu ukale wake, akazaliwa Mmarekani.

Hii ina msomi nyuma yake. Mwaka 1893, jijini Chicago, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alidai kwamba nyika ilimvua mgeni mavazi ya Ulaya na kumtia katika nyumba ya magogo ya Wacherokee na Wairoquois, wenyeji wa asili wa Amerika. Kuna ukweli ndani yake: misitu na mashamba mapya yalibadili watu kweli. Lakini mfano wake mwenyewe unamsuta. Ujenzi ule wa magogo yaliyochongwa ncha yakashikana kwenye pembe uliletwa na Waswidi na Wafini waliohamia bonde la mto Delaware kuanzia 1638. Msitu ulitoa miti, ufundi ulitoka kwao. Hata kamba na tandiko la mchunga ng'ombe wa Texas vina asili kwa wachungaji wa Meksiko.

Nyumba hiyo ya magogo ya wahamiaji ikaja kuwa nembo ya Mmarekani halisi, kiasi kwamba mwaka 1840 William Henry Harrison aliitumia kuombea kura za urais. Yeye alizaliwa Virginia, kwenye jumba la matofali la familia yenye shamba kubwa na watumwa. Alishinda.