Msongo wa mawazo hauanzii kwenye mawazo

Jina tulilonalo ni zuri, ila limetuponza. Ukishasema "msongo wa mawazo", kila aliye karibu anaijua dawa: acha kuwaza. Anayeumwa huambiwa "usiyaweke moyoni", na asipopata nafuu huonekana mkaidi, kama vile anajitakia. Kumbe kinachosongwa ni mwili mzima, na mwili hauombi ruhusa kwa mawazo ndipo uchukue hatua. Hizi hapa kauli ninazozisikia mara kwa mara kuhusu jambo hili. Baadhi ni uongo mtupu. Nyingine zina chembe ya kweli ndani yake, na hizo ndizo zinazosumbua kuzing'oa.

"Hayo ni ya kichwani tu"

Gari likipiga honi ghafla nyuma yako, unaruka kwanza, kuelewa kunafuata. Kabla hujajua ni gari au pikipiki, moyo tayari unakwenda mbio na mate yamekauka. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyaeleza haya mwaka 1915 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo huushtua moyo, mishipa ya damu, na tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia. Tezi hizo humwaga homoni ya adrenalini ndani ya sekunde chache. Njia za hewa hutanuka, mboni za macho nazo hutanuka, ini huachia sukari, na damu hupunguzwa tumboni ili misuli ipate zaidi. Ndiyo maana siku ya habari mbaya chakula hakipiti kooni.

Nyuma ya wimbi hilo huja la pili, la polepole. Sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi huamsha tezi ya pituitari, pituitari hutuma homoni yake kwa njia ya damu hadi kwenye zile tezi za juu ya figo, na safari hii ni ganda lake la nje linaloitika kwa kutoa homoni nyingine, kotisoli. Kilele chake hufika kama dakika 20 hadi 30 baada ya kishindo. Kwa hiyo ugomvi ukiisha, mwenzako akaomba radhi na wewe ukasamehe kwa moyo mweupe, damu yako bado ina habari za nusu saa iliyopita. Anayekwambia "si yameisha, mbona hujatulia?" anadai kitu ambacho kemia haijakiruhusu.

Wala si lazima pawepo wazo lolote. Kupoteza damu, homa kali, sukari kushuka mno, baridi, vyote huwasha mtambo huohuo. Mtu aliyelazwa kwa nusukaputi hana wasiwasi hata kidogo, lakini daktari akishaanza kupasua, kwa kawaida kotisoli yake hupanda.

"Kotisoli ni sumu, ishushe"

Hii imeshamiri mitandaoni, na mara nyingi aisemaye ana chupa ya vidonge pembeni. Mwaka 1855 daktari Mwingereza Thomas Addison alieleza ugonjwa wa watu ambao tezi zao za juu ya figo zimeharibika. Leo tunajua hao ndio watu wenye kotisoli pungufu, na hawana raha yoyote: shinikizo la damu hushuka, nguvu huwaishia, uzito hupungua, na ugonjwa ambao mwingine angeulalia siku mbili unaweza kuwaua. Kotisoli ndiyo huuwezesha mwili kukabili siku. Kwa aliye mzima hupanda kila alfajiri, huongezeka tena katika nusu saa au dakika 45 za kwanza baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu hadi inapofika chini kabisa karibu na usiku wa manane. Kipimo cha kotisoli kisichotaja saa ya kupimwa hakikwambii kitu.

Mwaka 1936 Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya utafiti Montreal, alichapisha barua fupi kwenye jarida la Nature. Alikuwa amewatesa panya kwa namna mbalimbali: baridi, majeraha, mazoezi ya kupita kiasi, dawa. Alipowapasua alikuta mambo yaleyale bila kujali walitesewa nini. Tezi za juu ya figo zilikuwa zimevimba, tezi ya thaimasi ya kifuani, inayohusika na kinga, imesinyaa, na tumboni mna vidonda. Akaugawa mwitikio wa mwili katika hatua tatu: kushtuka, kuhimili, kuchoka. Watu wengi wameishika ile ya tatu tu. Mimi naona ya katikati ndiyo yenye mafunzo, kwa kuwa hapo ndipo mwili unapojipanga upya na kufanya kazi chini ya mzigo.

Ile ya tatu nayo imezaa uzushi wake, kwamba tezi "huchoka" na kuishiwa homoni. Wataalamu wa homoni hawautambui ugonjwa huo. Ushahidi wake haupo. Tezi za mtu mwenye msongo wa muda mrefu hazikauki. Kinachomuumiza ni kuogeshwa homoni zilezile bila kupumzishwa. Mwaka 1993 watafiti Bruce McEwen na Eliot Stellar walieleza gharama hiyo kama mzigo unaolundikana: shinikizo la damu linalopanda kukusaidia kukimbia leo, likipanda kila siku, huchakaza mishipa, sukari inayomwagwa kwa ajili ya misuli isiyokwenda popote huishia kuwa mafuta ya tumbo. Hata kinga iko hivyohivyo. Kishindo kifupi huwapanga askari wa damu, yaani chembe nyeupe, mahali penye uwezekano wa jeraha, kama kwenye ngozi. Kishindo cha miezi ndicho huwadhoofisha.

"Mwili huzoea kila kitu"

Unazoea mengi, kweli. Watafiti waliowafuatilia askari wa miavuli wa Norway, kazi iliyochapishwa mwaka 1978, waliona kotisoli ikipanda sana siku ya kwanza ya kuruka kutoka kwenye mnara wa mazoezi, kisha ikishuka upesi katika miruko iliyofuata. Mnara ulikuwa uleule, urefu uleule. Kilichobadilika ni kwamba sasa askari alijua kinachomsubiri na alijua anakiweza.

Lakini si wote. Mwaka 1993, katika mji wa Trier nchini Ujerumani, watafiti walibuni jaribio linalotumika hadi leo: mtu husimama mbele ya jopo la watu wasiotabasamu, hujieleza kana kwamba anaomba kazi, kisha hutakiwa kuhesabu kurudi nyuma, mara nyingi kuanzia 1022 kwa kutoa 13 kila mara. Akikosea, anaanza upya. (Jaribu ukiwa peke yako, uone kama si mateso tayari.) Jaribio likirudiwa siku kadhaa, walio wengi hutulia. Wapo wachache ambao kotisoli yao hupanda palepale kila siku kama ndiyo mara ya kwanza. Hao hawakosi ujasiri. Miili yao haizimi taa haraka.

Tena kuna visivyozoeleka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Jay Weiss aliwapa panya wawili mshtuko uleule wa umeme, mmoja akitanguliziwa mlio wa kumtahadharisha, mwingine bila taarifa. Asiyetahadharishwa alipata vidonda vingi zaidi vya tumbo. Umeme haukuwa tofauti. Tofauti ilikuwa kwamba mwenzake alijua ni lini atulie. Yeye hakuwa na dakika hata moja ya kupumua.

"Wakubwa ndio wanaoumia, wana majukumu"

Basi angalia watumishi wa serikali ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1967 wanaume zaidi ya 17,000 wa utumishi wa umma jijini London walipimwa, kisha wakafuatiliwa kwa miaka mingi, katika utafiti unaojulikana kwa jina la mtaa wa ofisi zao, Whitehall. Mtafiti Michael Marmot na wenzake walitarajiwa kukuta mabosi wakianguka kwa moyo. Walikuta kinyume. Vifo vya ugonjwa wa moyo katika ngazi ya chini kabisa vilikuwa takriban mara tatu ya vile vya ngazi ya juu, na si kwa wa chini kabisa tu: kila aliyekuwa ngazi moja chini alikuwa katika hatari zaidi kuliko aliye juu yake. Sigara ilichangia, lakini haikutosha kueleza pengo lote. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuwahusisha wanawake pia, ulionyesha kwamba sehemu ya jibu ni uwezo wa mtu kuamua kazi yake ifanyike vipi na lini. Bosi ana kazi nyingi, lakini mlango wa ofisi anaufunga mwenyewe.

"Mawazo yatakupa vidonda vya tumbo"

Panya wa Selye na wa Weiss wangekubali. Kwa binadamu, hata hivyo, vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walipolisema hilo walichekwa, kwa kuwa kila daktari alijua bakteria haishi kwenye asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria hao, akaugua uvimbe wa tumbo, akathibitisha hoja kwa mwili wake. Tuzo ya Nobel iliwafikia mwaka 2005.

Chembe ya kweli ipo. Wagonjwa mahututi na walioungua vibaya hupata vidonda kutokana na kishindo cha mwili wenyewe, na watu wengi mno hubeba bakteria huyo bila kuwahi kupata kidonda, hivyo msongo unaweza kuwa mmoja wa wasaidizi wake. Ila mtu mwenye kidonda anayeambiwa "punguza mawazo" bila kupimwa ananyimwa dawa za wiki moja au mbili ambazo zingemponya.

"Presha imenipanda"

Hapa lugha imetuvuruga tena. Tunaitumia presha kwa hasira, kwa wasiwasi, na kwa ugonjwa. Hasira huipandisha kweli, kisha inashuka. Ugonjwa wenyewe mara nyingi hauna dalili, na mtu mtulivu kuliko wote nyumbani anaweza kuwa nao miaka kumi bila kujua. Kipimo ndicho kinachosema, si tabia.

"Mvi za usiku mmoja"

Inasemekana nywele za malkia Marie Antoinette wa Ufaransa ziligeuka nyeupe usiku wa kuamkia kukatwa kichwa, mwaka 1793. Unywele uliokwisha toka nje ya ngozi ni mfu; hakuna hofu inayoweza kuufikia. Mambo hutokea kwenye mzizi, ndani ya ngozi. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba kwa panya, neva za kishindo humaliza akiba ya seli zinazozaa rangi. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walikuta kwa binadamu nywele chache zilizopoteza rangi kisha zikairudia. Kwa mmoja wa waliochunguzwa, nywele tano zilirudi kuwa nyeusi alipokuwa likizo. Tano tu, asije mtu akaacha kununua rangi ya nywele dukani.

"Vuta pumzi ndefu utulie"

Ushauri huu ni sahihi nusu, tena nusu isiyo yenyewe. Unapovuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo. Unapoitoa, neva ya vagasi, ile inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi tumboni, huukaza kama breki na mapigo hupungua. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, uvute taratibu, kisha uachie kwa muda mrefu mara mbili ya ulivyovuta. Wengi, hasa vijana, hulisikia badiliko lenyewe vidoleni.