"Sura ya maradhi" katika wodi ya watoto ni nini?

Sura ya maradhi ni jumla ya mambo matatu: magonjwa yanayowalaza watoto, wingi wa kila ugonjwa, na umri wa wanaougua. Sura hii hubadilika, na pwani ya Kenya imebadilika mbele ya macho yetu.

Pale Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamefuatilia watoto wanaolazwa hospitalini kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1999, katika kila watoto 1000 wa eneo hilo, wapatao 28 walilazwa kwa malaria. Kufikia 2007 hawakufika hata 4. Katikati ya hapo, mwishoni mwa 2001, ilikuja chanjo ya Hib, bakteria anayeshambulia watoto wadogo, na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kijidudu hicho ikapungua mno. Mwaka 2011 ikafuata chanjo ya nimokoka, bakteria anayeleta nimonia.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Chukua wodi yenye watoto 100: wa malaria 50, wa nimonia 20, wengineo 30. Malaria ikishuka hadi 10, wodini wanabaki 60. Wale wa nimonia ni 20 vilevile, lakini sasa ni theluthi ya wodi nzima, na mtu atakuambia nimonia imezidi. Haijazidi hata kwa mtoto mmoja. Ndiyo maana idadi ya waliolazwa haitoshi. Ni lazima ujue kuna watoto wangapi huko vijijini walikotoka. Kilifi watu huhesabiwa nyumba kwa nyumba tangu 2000, na bila kazi hiyo ya kuzunguka juani tusingejua lolote la uhakika.

Umri nao husogea. Mtoto anayeumwa na mbu wachache huchelewa kujenga kinga, kwa hiyo malaria kali humkuta akiwa mkubwa kidogo. Mdogo huishiwa damu zaidi. Mkubwa huelekea kupata ile ya kichwani, ya kupoteza fahamu na degedege, ambayo wazee wa pwani waliiita nyuni.

Lakini linalonigusa kuliko yote ni hili: malaria haiui peke yake. Humdhoofisha mtoto hadi bakteria wakapenya kwenye damu. Kati ya 1999 na 2007, malaria ilipokuwa ikishuka Kilifi, maambukizi ya bakteria kwenye damu nayo yalishuka, kutoka 2.59 hadi 1.45 kwa kila watoto 1000 kwa mwaka. Kwa hiyo chandarua chenye dawa humkinga mtoto hata na ugonjwa usioletwa na mbu.

Malaria ikipungua, wanaonekana waliokuwa wamefichwa na msongamano: njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, wenye utapiamlo, na wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hawa hawaponi kwa dozi ya siku tatu kama ya malaria. Njiti anataka joto, oksijeni na muuguzi wa kumlisha kwa mrija usiku kucha. Wa selimundu anataka kliniki ya kurudi kila mwezi, maisha yake yote.