Karatasi ya ECG Si Cheti cha Moyo Mzima

Kuna mzee kwenye baraza letu la Kibokoni anayetembea na ECG yake mfukoni. Ni ile karatasi ya waridi yenye miraba midogo, ameikunja mara nne akaiweka pamoja na kitambulisho, na mistari yake imeanza kufifia. Mazungumzo yakifika kwenye presha tu, huikunjua kando ya kikombe cha kahawa. "Moyo wangu huu hapa. Daktari kasema safi."

Karatasi ile yasema kidogo kuliko anavyodhani. ECG hunasa umeme wa moyo kwa takriban sekunde 10. Mapigo yakienda ovyo itaona. Misuli ikikosa damu wakati uleule wa kipimo, mara nyingi itaona. Lakini mtu mwenye mafuta yaliyojikusanya kwenye mishipa ya moyo, akilala ametulia, anaweza kutoa mistari mizuri kama ya kijana wa miaka 20. Na yapo maneno mengine ya namna hiyo kuhusu moyo, yanayosemwa kila siku.

"Picha za moyo zote zina mionzi"

Shangazi yangu alikataa eko, ile picha ya moyo unaopiga, wiki tatu kwa sababu hiyo. Mwishowe nilimsindikiza. Alilazwa ubavu wa kushoto, akapakwa jeli ya baridi, kifaa kikabonyezwa kati ya mbavu. Kwenye kioo tukaona vali ikifunguka na kujifunga kama mdomo wa samaki. Eko hutumia mawimbi ya sauti, sawa na kipimo cha mama mjamzito, na haina mionzi hata chembe. MRI nayo ni sumaku. Miongoni mwa zenye mionzi ni skani ya CT, inayopiga eksrei kuzunguka mwili, na katheta, ule mpira mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani huku picha za eksrei zikipigwa.

Ila eko huonyesha vali na nguvu za misuli. Mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe haionyeshi vizuri, hapo ndipo CT inapohitajika.

"Picha haiponyi, ya nini kulipia?"

Swali hili lina haki yake, maana skani si bei ya mahamri. Utafiti wa Scotland uitwao SCOT-HEART ulichukua wagonjwa 4,146 wenye maumivu ya kifua. Nusu yao wakaongezewa CT ya mishipa ya moyo. Baada ya miaka 5, waliokufa kwa maradhi ya mishipa hiyo au kupatwa na mshtuko wa moyo walikuwa asilimia 2.3 kwa waliopigwa skani, na 3.9 kwa wenzao. Matokeo ya miaka 10, yaliyotolewa 2025, bado yalionyesha tofauti. Waliopigwa skani hawakuzibuliwa mishipa zaidi ya wenzao, idadi ilikaribiana. Daktari aliyaona mafuta mapema, akaandika statini, dawa ya kushusha mafuta ya damu, na asprini, na mgonjwa aliyejionea mshipa wake ana sababu ya kuzimeza.

"Mshipa ukiziba, dawa yake ni India"

Hapa ndipo pesa zetu zinapokwenda. Hufunguliwa kundi la WhatsApp, harambee ikaitishwa, kiwanja kikauzwa. Wapo wanaohitaji safari hiyo kweli. Lakini utafiti wa ISCHEMIA, uliochapishwa 2020 ukiwa na wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37, uliwalinganisha watu wenye maradhi yaliyotulia: baadhi walipewa dawa na kupelekwa mapema kwa stenti (kijibomba cha wavu kinachopanua mshipa) au upasuaji, wengine wakaanza na dawa peke yake. Kwa vifo na mishtuko ya moyo, kundi la kwanza halikuwa na faida ya wazi. Stenti iliwasaidia zaidi waliokuwa wakiumwa kifua mara kwa mara.

Sababu ni kwamba mafuta laini yanaweza kupasuka hata pale mshipa haujawa mwembamba sana; damu ikagandia hapo, njia ikafungwa ghafla. Stenti hupanua mahali pamoja. Dawa hufika mishipa yote.

Mshtuko ukishaanza, hesabu ni nyingine kabisa. Hapo kuzibua mshipa huokoa maisha, na kila dakika ni misuli inayokufa.

"Ni maradhi ya wazee wanene"

Homa ya baridi yabisi, inayofuata maumivu ya koo ya bakteria, huharibu vali za watoto wembamba kabisa. Nchini Uganda watoto 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao eko iligundua madhara kabla ya dalili, waligawanywa: nusu wakadungwa penisilini kila wiki nne. Baada ya miaka miwili, hali ilizidi kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa, na 8.2 ya wasiodungwa. Na hiyo ni dawa ya zamani, isiyo ghali.

"Ni gesi tu"

Labda. Lakini kifua kikibana dakika kadhaa, jasho la baridi likitoka, au maumivu yakipanda tayani na kushuka mkononi, acha chai ya tangawizi, tafuta gari. Kwa wanawake mara nyingine huja kama kichefuchefu na pumzi kukatika. Shangazi yangu aliita uchovu wa jikoni.