Disiki Haijawahi Kumfundisha Mtoto Kiingereza

Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu, mzee mmoja mwenye heshima zake alisimama, akavua kofia, akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kumtangulia kuyamaliza: "Mwalimu, sisi tulivaa disiki, na ndiyo maana tunakijua Kiingereza. Nyinyi wa siku hizi mmewalegeza watoto." Ukumbi ulipiga makofi. Mwenzangu aliyeketi kando yangu, ambaye hufundisha Hisabati na hivyo hana dau katika jambo hili, alipiga makofi pia. Nilijibu kwa ufupi na kwa adabu, kwa kuwa hapa kwetu mtu hashindani na mzee mbele ya watu. Yale niliyoyameza siku hiyo ndiyo ninayoyaandika sasa.

Disiki, kwa aliyebahatika kutoijua, ni kile kipande cha mbao, bati au hata mfupa kilichofungwa uzi, ambacho mtoto aliyenaswa akisema Dholuo, Kiluhya au Kiswahili shuleni alivishwa shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Aliyekutwa nacho jioni aliadhibiwa. Nimeitafakari mashine hii kwa miaka mingi na bado sioni ni sehemu ipi yake inayofundisha Kiingereza. Ninachokiona ni mtoto anayezunguka uwanjani akitega sikio ili amkamate rafiki yake, na rafiki huyo akigundua mapema kwamba njia salama kuliko zote ni kunyamaza. Mwerevu hakujifunza kusema. Alijifunza kufunga mdomo hadi kengele ya mwisho ilie.

Kuhusu ushahidi wa yule mzee, nina mambo mawili. La kwanza ni kwamba wanaosimama mikutanoni na kuisifu disiki ni wale waliovuka. Waliochukia shule kwa sababu yake hawaji mikutanoni kutoa ushahidi wa upande wa pili, na wakija huketi nyuma na hawaombi kipaza sauti. La pili ni kwamba alitoa hotuba yake yote, kuanzia salamu hadi shukrani, kwa Kiswahili kizuri sana, na hakuna aliyethubutu kumvisha kitu shingoni.

Ninafundisha Kiingereza katika sekondari msingi viungani mwa Kisumu, Gredi ya 7 hadi ya 9. Ratiba inanipa vipindi 5 kwa wiki, kila kimoja cha dakika 40. Darasa langu kubwa lina wanafunzi 58. Hebu tufanye hesabu ambayo mwenzangu wa makofi angepaswa kuifanya: dakika 200 zikigawanywa kwa watoto 58, kila mmoja anapata dakika 3 na ushei kwa wiki, na hiyo ni kama mimi mwenyewe sitafungua kinywa, hatutasoma ufahamu, hatutaandika insha na hakuna atakayechelewa kutoka msalani. Mtoto ambaye nyumbani husema Dholuo, na akienda mtaa wa Kondele au soko la Kibuye husema Kiswahili na Sheng, anakutana na Kiingereza kama lugha ya tatu au ya nne, kwa dakika hizo tu. Sheria yoyote ninayoiweka darasani naipima kwa swali moja: je, inamwongezea au inampunguzia dakika zile za kusema?

Hapa ndipo ninapokosana na wengi, hata walimu wenzangu, kwa sababu tunachanganya sheria na matarajio kana kwamba ni kitu kimoja. Sheria inahusu jambo ambalo kila mtoto analiweza leo hii, akiamua. Kuja na daftari, kutomkatiza mwenzake, kuketi pale alipopangiwa: haya yote mtoto anayaweza, na akiyavunja nina haki ya kumuuliza kwa nini. Matarajio yanahusu lile ambalo bado halijui na ambalo mimi ninalipwa kumfundisha. Kusema Kiingereza kipindi kizima ni tarajio. Ukiliandika ukutani kama sheria, umetangaza kwamba mtoto asiyelijua neno la Kiingereza la "kuteleza" ametenda kosa, ilhali kosa hilo, kama lipo, ni langu mimi niliyekuwa sijamfundisha. Nimewahi kuingia madarasa ambamo sheria ya kwanza ilisema Kiingereza pekee, kwa herufi kubwa nyekundu, na darasa lilikuwa kimya kama makaburini. Mkuu wa shule akipita kwenye veranda huona nidhamu. Mimi huona watoto ambao hawajatumia hata sekunde moja ya zile dakika 3 zao.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ni kwamba anayezungumza amalize, wala asichekwe. Wageni wakiiona huidhania ni ya chekechea. Waje waketi katika Gredi ya 8, mahali ambapo sauti za wavulana zinavunjika na kila msichana anajua ni nani anayemtazama, kisha waone kicheko kimoja kinavyoweza kumnyamazisha mtoto. Dholuo haina sauti ya "sh" wala "z", kwa hiyo "fish" hutoka "fis". Aidha, Dholuo husema "en" na Kiswahili husema "yeye", bila kujali kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke, ndiyo maana mtoto mwenye akili timamu kabisa husema "my sister, he is a nurse". Hilo si dalili ya uzembe. Ni lugha mbili zinazomfaa vizuri zikikutana na ya tatu yenye vikwazo ambavyo zenyewe hazikuwahi kuvihitaji.

Ninaijua nguvu ya kicheko kwa sababu niliwahi kucheka. Ilikuwa sentensi hiyohiyo ya dada muuguzi, ilikuwa mchana wa joto, darasa liliangua kicheko na mimi nikajikuta nimo. Kijana yule aliketi taratibu, na hakunyanyua mkono tena hadi tulipofunga shule. Niliomba radhi mbele ya darasa kesho yake. Haikusaidia.

Sheria ya pili ni kwamba ukikwama, unaomba neno. Mwanafunzi anaanza kwa Kiingereza, akifika penye shimo anasema "How do you say" na kulitaja neno kwa lugha yoyote aliyonayo, ama anamuuliza jirani yake, kisha anaendelea na sentensi. Neno lile linaandikwa pembeni mwa ubao na kubaki hapo wiki nzima. Wazazi wengine huona kwamba nimefungua mlango wa nyuma wa lugha ya mama. Naam, nimeufungua, kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na watoto walikuwa wamesimama nje.

Ya tatu ni kutojibu kwa umoja ila nikiomba. Tunaujua sote ule wimbo wa "Yes, madam" unaofuata swali la "Mmeelewa?", ambao huimbwa kwa sauti kubwa zaidi na wale ambao hawajaelewa. Sheria hii inanibana mimi kuliko wao, kwa kuwa inanilazimu niulize kisha ningoje. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani aitwaye Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu huwa wanasubiri takriban sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakifikisha sekunde 3 majibu huwa marefu zaidi na wasiojibu hupungua. Huko alichunguza masomo ya sayansi, lakini kwa mtoto anayepaswa kulitafuta jibu kwanza na lugha yake baadaye, sekunde 3 nazo naziona chache. Mimi huhesabu hadi 10 kimoyomoyo, na sekunde ya 6 huwa inachoma.

Mengineyo ni ya kawaida: kuwahi, daftari, kalamu, usafi wa meza. Ile karatasi ya majina ya wapiga kelele ambayo kiranja huandika mwalimu akitoka nje niliifuta, kwa sababu ni disiki iliyobadilishwa nguo.

Kuna upande wa kisheria pia, ambao mzee wetu hakuugusa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi; kumwadhibu mtoto kwa kuzungumza lugha ya taifa lake ni kioja ambacho sijui tutawaelezaje wajukuu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kudhalilisha, iwe ya kimwili au ya kisaikolojia. Kamba ya kudhalilisha shingoni sijui mtu angeiweka katika kundi gani jingine. Hata ripoti ya tume ya elimu ya Ominde ya 1964, iliyokipa Kiingereza nafasi kubwa tangu darasa la kwanza, ilizungumzia lugha ya kufundishia, si ya kuadhibia, na ile ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976 ikarudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo.

Sasa niseme yale yanayonisumbua. Vitabu vya ualimu vinashauri wanafunzi watunge sheria wenyewe. Nimejaribu mara tatu. Mara zote walipendekeza viboko, idadi ikiwa imeandikwa, na mara moja walitaka anayechelewa apige magoti kwenye changarawe. Siku hizi natunga mwenyewe, kisha nawapa nafasi ya kupinga, na sina hakika kwamba hiyo ndiyo demokrasia inayokusudiwa. Tena ni kweli kwamba watoto wanaotujia kutoka akademia za kibinafsi, ambako Kiingereza hushurutishwa, mara nyingi huzungumza kwa wepesi kuliko wangu. Nashuku ni kwa sababu ya vitabu na Kiingereza kilicho nyumbani mwao kuliko shuruti, lakini siwezi kuvitenganisha, na mzee akiniuliza hilo nitababaika.

Kubwa zaidi ni kazi ya vikundi. Nikiwapa mada na kugeuka kuandika ubaoni, Dholuo inarejea kabla chaki haijagusa. Nimejaribu dakika 10 za Kiingereza kwa saa ya ukutani, bila adhabu, kisha dakika 2 za kuongea watakavyo. Vikundi vingi huzikubali. Cha dirishani, chenye wavulana sita wanaojuana tangu chekechea, huzungumza Kiingereza hasa kwa muda wote ambao nimesimama karibu nao. Muhula ujao nitawagawa wawili wawili, na kama haitafaulu nitawarudisha pamoja.