Ufadhili haukomeshwi

Nimeletewa tena andiko la kuhariri linalosema taasisi fulani "imekomesha ufadhili wa masomo". Nikamuuliza mtafsiri kwa nini komesha. Akanipa lile jibu ambalo nashuku watafsiri hufundishana usiku: koma, isha, simama, sita, yote ni visawe, hata kamusi inasema hivyo. Haisemi. Kamusi hueleza neno kwa msaada wa neno jirani kwa sababu haina njia nyingine. Hiyo si ruhusa ya kuyabadilishana.

Koma ndiyo inayoonewa zaidi. Kukoma ni kuacha jambo usilirudie, na mara nyingi jambo lenyewe ni baya au limekukuta na madhara. Mtoto mchokozi huambiwa "Koma!" Aliyeponzwa na kiherehere chake husema "nimekoma", na anayekutishia husema "utakoma". Hakuna mtu anayefunika kitabu alichokifurahia akasema "nimekoma". Komesha hubeba hukumu hiyo yote: tunakomesha wizi, rushwa, ukatili. Ukiandika kwamba umekomesha ufadhili, msomaji anasikia kuwa ufadhili ulikuwa uovu na sasa umepatiwa dawa.

Najua mtaniletea "barabara inakomea hapa" na "mamlaka yake yanakoma leo", ambamo hamna lawama. Kweli. Hapo koma inahusu mpaka, na ndiko kilikotoka kikomo. Lawama huingia pale anayekoma ni mtu, au pale anapotajwa aliyekomesha. Kanuni hii naiamini, ila inavuja: "homa imekoma" iko katikati, kwa kuwa homa si mtu lakini tunaisema kama adui. (Ile koma ya uandishi ni neno jingine kabisa, mkopo kutoka Kiingereza. Kichekesho ni kwamba haikomeshi chochote. Sentensi hukomea kwenye nukta.)

Isha ni nyepesi. Kitu kimepungua hadi hakuna, au muda wake umefika ukingoni, bila kumtaja mtu. Maliza inamtaka mtu. "Maji yameisha" ni taarifa, "mmemaliza maji" ni ugomvi. Na ule ubishi wa "imeisha" na "imekwisha" uacheni, yote mawili ni Kiswahili. Ku- ikikutana na isha inakuwa kwisha, na "imekwisha" imebaki na ku- yake ndani. La kuvutia zaidi ni kwamba kitenzi hiki kimechakaa hadi kikawa kiambishi: "amekwisha kufika" ikawa "ameshafika". Ile -sha- ni masalia ya kwisha. Kwa hiyo anayesema "imeshaisha" ametumia kitenzi kilekile mara mbili, kimoja kizima na kingine mifupa, wala hakuna anayeshtuka.

Sasa kufunga. Nina kipimo changu ambacho huwapa wanaonibishia: tafuta kinyume chenye -ua (au -oa). Funga ina fungua. Fumba ina fumbua, ziba ina zibua, kunja ina kunjua. Macho hufumbwa, tundu huzibwa, mlango hufungwa, na yote hayo yanarudishika. Isha je? Hakuna "ishua". Koma nayo haina. Mtu atanitajia komoa. Ipo, lakini hiyo ni ya kuondoa komeo la mlango, kinyume cha kukomea mlango, mbali na ile ya kumkomoa mtu. Ndiyo maana "ofisi imefungwa" peke yake ni tangazo bovu: neno lenyewe linamwachia msomaji matumaini. Sema imefungwa hadi lini, au sema imefungwa kabisa.

Mikutano ina utaratibu wake. Ukifungwa, shughuli zimetimia. Ukiahirishwa, mtarudi. Ukivunjika, kuna waliotoka wakibamiza mlango. Programu za kompyuta nazo: Funga ni ya dirisha, Ghairi ni ya aliyebadili nia, Maliza ni ya aliyefika hatua ya mwisho. Nimewahi kukuta kitufe kimeandikwa "Komesha". Nilikibonyeza kwa woga.

Hatima si saa ya kufunga shughuli. Ni kile kitakachokupata mwishoni. Tamati iachieni tenzi na vitabu.

Imebaki sitisha, na hapa nakiri sina raha. Kusita ni kusimama kidogo kwa mashaka, hujaamua kwenda wala kurudi. Kwa hiyo kusitisha, kwa umbo lake, kungekuwa kusimamisha kwa muda. Lakini lugha haikusubiri hoja yangu. "Kusitisha mapigano" watu huisema wakiomba Mungu yasirudi. "Kusitisha mkataba" wengi huandika wakimaanisha kuuua kabisa, huku wengine wakimaanisha kuupumzisha. Kifungu kimoja, msomaji mmoja anaelewa tumepumzika, mwingine anaelewa tumeachana: hiyo ni kesi inayomsubiri hakimu.

Kwenye ajira tumejipanga vizuri. Aliyesimamishwa kazi anangoja uchunguzi, aliyeachishwa amekwenda zake, na hakuna anayewachanganya. Kwenye mikataba hatujafika huko. Vunja inanukia makosa: aliyevunja ndiye wa kulaumiwa, ilhali pande mbili zinaweza kuachana kwa amani. Futa inaelekea kusema mkataba haukuwahi kuwapo. Tengua huwafaa zaidi wenye mamlaka, wanaotengua uteuzi au hukumu. Kwa hiyo siku hizi naandika "kusitisha kwa muda", maneno ambayo zamani ningeyakata kwa kalamu nyekundu kwa kurudia maana, na kwa upande wa pili naandika "kusitisha kabisa". Ni mzigo wa maneno, lakini hautampeleka mtu mahakamani.

Mwanasheria mmoja aliona nahangaika, akanipendekezea "kuhitimisha mkataba". Hotuba huhitimishwa, na masomo pia. Mkataba uliokatwa katikati haujahitimu chochote.